Kizunguzungu Kinachokuja na Sikio Kuziba: Namna ya Kukitambua, Kukiandika na Kuishi Nacho

Mtu anapoingia zahanati na kusema kwamba anasikia kizunguzungu, kwa kweli hajasema mengi. Neno hilo moja hubeba giza linalomjia machoni mama mwenye upungufu wa damu anapoinuka ghafla kutoka kwenye kigoda, ulegevu wa mkulima aliyeshinda shambani bila kula, kichwa chepesi cha mwenye homa, na pia kile kizunguzungu chenyewe ambacho kuta za nyumba huzunguka mbele ya macho, paa likafuata kuta, na aliyelala akashika ubao wa kitanda asianguke ingawa hakuna pa kuangukia. Huku kwetu Mtwara na Lindi mambo yote hayo huanzia kwenye kipimo cha malaria, na ni haki yaanzie hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule ambaye amekwisha kupimwa malaria mara kadhaa isionekane, presha yake ikawa sawa, akapewa vidonge akaenda zake, na baada ya majuma machache akarudi na hali ileile. Hasa ikiwa sikio lake moja huziba, huvuma na kupungukiwa na usikivu kila kuta zinapozunguka, kwa maana huenda ana ugonjwa wa Ménière, ambao ndio tunaouzungumzia hapa.

Habari ya sikio ndiyo ambayo mgonjwa husahau kuisema. Shangazi yangu wa Mikindani alihangaika na kizunguzungu kwa muda mrefu, akafika mbele ya waganga wengi, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa linavuma. Si kwamba alificha. Aliamini kichwa kina ugonjwa wake na sikio lina ugonjwa wake, na kwamba la sikio ni uzee tu. Siku alipoyataja yote mawili katika sentensi moja, tabibu aliweka kalamu chini akaanza kumhoji upya.

Ndani kabisa ya mfupa wa pembeni mwa kichwa, nyuma ya ngoma ya sikio na vile vijifupa vitatu vinavyopokezana sauti, kuna mapango madogo yaliyoungana. Pango moja limejikunja mfano wa gamba la konokono, nalo ni la kusikia. Mengine, pamoja na mirija mitatu iliyopinda nusu duara, ni ya kuuarifu ubongo kichwa kinaelekea wapi. Ndani ya mapango hayo ya mfupa umelala mfuko wa utando mwembamba sana uliojaa majimaji yaitwayo endolimfu, na mfuko wenyewe umezungukwa na majimaji mengine yaitwayo perilimfu. Perilimfu ina sodiamu nyingi, kama yalivyo majimaji mengi ya mwili yaliyo nje ya seli; endolimfu ina potasiamu nyingi. Tofauti hiyo ndiyo inayoziwezesha seli za kusikia na za mizani kufanya kazi, kwa hiyo majimaji haya mawili hayatakiwi kuchanganyika hata kidogo. Chukua mfuko laini wa plastiki wenye maji, uzamishe katika chupa yenye maji mengine, kisha endelea kuujaza: chupa haitanuki, kwa hiyo utando wa mfuko ndio utakaovutika na kubonyea upande usiotakiwa. Ndivyo inavyokuwa endolimfu inapozidi. Sikio huhisi limejaa, sauti nzito hufifia, na wataalamu wengi hueleza kwamba utando ukichanika mahali padogo, potasiamu humwagikia neva, nayo hupeleka kwenye ubongo habari za mzunguko ambao haupo. Maelezo hayo yana mipaka yake, kwa maana endolimfu iliyozidi imekutwa pia katika masikio ya marehemu ambao enzi za uhai wao hawakuwahi kulalamika kizunguzungu.

Jina la ugonjwa huu ni la daktari Prosper Ménière wa Paris, aliyekuwa akiwatibu viziwi na ambaye mwaka 1861 aliwaeleza madaktari wenzake kwamba kizunguzungu cha namna hii kinatoka sikioni, wakati ambapo wengi wao waliamini ni damu iliyojaa kwenye ubongo. Kuvimba kwa mfuko wa endolimfu kulikuja kuonekana kwa darubini mwaka 1938, kwa Charles Hallpike na Hugh Cairns huko London, na mwaka huohuo kwa Yamakawa huko Japani. Ninayataja haya ili mgonjwa ajue kwamba hata madaktari wa Ulaya waliwahi kuuwekea ugonjwa huu sababu isiyo yake, na kwamba jirani anayesema ni shetani la ukoo hakuanza yeye kukosea. Mtu asigombane naye. Anayetaka dua asomewe dua, na mwenye kizunguzungu apelekwe pia kupimwa masikio. Kinachodhuru ni mafuta ya moto, maji ya majani au kitu kingine chochote kumiminwa sikioni, kwa sababu ugonjwa uko nyuma ya ngoma, ambako dawa ya matone haifiki, na ngoma yenyewe ikiwa imetoboka, madhara yake huwa makubwa.

Kipimo cha kwanza cha kuutambua ni saa ya ukutani. Kizunguzungu cha Ménière huja chenyewe, bila kusubiri mtu ageuke au ainuke, na hudumu kati ya dakika 20 na saa 12. Wataalamu hawausemi kwa uhakika mpaka mashambulio ya namna hiyo yawe yametokea mara mbili au zaidi, usikivu wa sikio moja uwe umepimwa na kuonekana umepungua kwa sauti nzito au za kati, dalili za sikio hilo ziwe za kupanda na kushuka, na kusiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Huwapata zaidi watu wa umri wa kati ya miaka 40 na 60, ingawa vijana hawakukingwa. Kwa kawaida huanza sikio moja, na kwa baadhi ya watu baada ya miaka hufika la pili.

Ukiishika saa, magonjwa mengine hujitenga yenyewe. Muumini anayesema kwamba akienda sujudu dunia inapinduka, kisha baada ya kuhesabu mpaka 30 hivi imetulia, na kwamba hali ileile humpata usiku akijigeuza kitandani, huyo kwa uwezekano mkubwa hana Ménière. Ana chembe za kalisi zilizobanduka mahali pake na kuingia katika mirija ya mizani, na tiba yake ni kugeuzwa kichwa na mwili kwa mpangilio maalumu na mhudumu anayejua, kazi ya dakika chache isiyohitaji kidonge. Hadi apate wa kumfanyia hivyo, anaweza kuswali ameketi. Kizunguzungu kinachoshika siku nzima na siku zinazofuata bila kuachia, na usikivu ukabaki mzima, mara nyingi ni neva ya mizani iliyovimba. Kinachokuja na maumivu ya kichwa ya upande mmoja na kuchukia mwanga au kelele kinaweza kuwa kipandauso, ambacho muda wake huyumba sana, kuanzia dakika 5 hadi saa 72, na ndicho kinachochanganywa na Ménière kuliko vyote. Kifafa ni kitu kingine kabisa: mgonjwa wa Ménière hutapika, hutoka jasho na hushindwa kusimama, lakini fahamu zake zipo, na ukimwuliza jina la mwanawe atakujibu.

Kuna jaribio dogo la nyumbani ambalo halihitaji chombo chochote. Kaa mahali pa kimya siku sikio linapokuwa limeziba, fumba mdomo, na uvume "mmmm" kwa sauti nzito kama mtu anayekubali jambo. Sikiliza sauti hiyo inaegemea upande gani. Ukitaka kuielewa vizuri, ziba kwanza lile sikio zima, lisilo na ugonjwa, kwa kidole huku unavuma: utaona sauti inahamia upande uliozibwa. Hiyo ndiyo tabia ya sikio lililozibwa na nta au usaha wa sikio la kati. Lakini ikiwa sikio linahisi limeziba na bado mvumo unaegemea upande wa sikio zima, basi tatizo huenda liko ndani, kwenye neva au kwenye konokono lenyewe, na kulichokonoa kwa njiti ya kiberiti hakutasaidia kitu. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Linakupa tu sababu ya kwenda mapema, kwa maana usikivu wa sikio moja unaopotea ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo, huhesabiwa kuwa dharura. Dawa zake za steroidi, yaani za kutuliza uvimbe wa ndani, hufaa zaidi zikianzwa siku za mwanzo, na zikichelewa zaidi ya majuma mawili faida yake hupungua sana.

Kabla ya kusema Ménière, kumbuka pia ulichomeza au kudungwa. Wazee wa huku wanaijua vizuri kwinini: mtu alikuwa akitundikiwa dripu ya kwinini, masikio yakaanza kulia kama nyenje, akawa haelewi anachoambiwa, na dawa ilipokwisha hali ikarudi. Aspirini kwa kiwango kikubwa hufanya vivyo hivyo. Sindano za gentamisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini ni hatari zaidi kwa sababu madhara yake katika sikio la ndani yanaweza yasirudi nyuma, kwa hiyo aliyewahi kutibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano amweleze daktari. Waliopiga mbizi na waliokuwa karibu na mlipuko wa baruti baharini wana habari yao pia: msukumo wa namna hiyo unaweza kupasua dirisha dogo la sikio la ndani, perilimfu ikavuja, na dalili zikafanana na za Ménière ingawa tiba ni nyingine. Najua kwamba mvuvi wa baruti hatamwambia daktari alikuwa wapi. Lakini daktari hatafuti kesi, anatafuta tundu.

Sasa daftari. Katika kila kitu nitakachokisema, hiki ndicho kilichomsaidia shangazi kuliko vidonge vyake vyote, na hugharimu daftari moja la shule. Kila shambulio liandikwe siku hiyohiyo, au liandikwe na mtoto wa nyumbani kama mgonjwa hawezi: saa lilipoanza, saa lilipokwisha, sikio lipi, lilizibaje, lilivuma namna gani, alikuwa akifanya nini, alikula nini tangu jana, alilala usingizi wa kutosha au hakulala. Ukurasa wake mmoja ninao hapa. Uliandikwa na mjukuu wake kwa penseli: "Jumanne. Sikio la kushoto limeziba tangu asubuhi. Kuta zimeanza kuzunguka saa 7 na dakika 10 mchana, zimetulia saa 9 na nusu. Ametapika mara mbili. Sikio linavuma kama injini ya mashua. Jana usiku alikula ng'onda kwa ugali wa muhogo." Yaani saa mbili na dakika 20, sikio lilelile, mvumo mzito na si mlio mwembamba, na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, usiku uliotangulia. Daktari alihitaji kusoma kurasa tatu tu za namna hiyo. Mgonjwa asiyeandika husema "kilinishika siku nzima", kwa sababu uchovu wa baada ya shambulio humfanya aone siku nzima imekwenda, na kwa kauli hiyo anapelekwa kwenye ugonjwa mwingine.

Shambulio lenyewe mara nyingi hubisha hodi. Sikio hujaa, mvumo hupanda, sauti za wanaume huanza kusikika kama zinatoka ndani ya mtungi. Ukiona hivyo, acha unachokifanya hata kama sufuria iko jikoni: mwite mtu aitoe, usiinamie moto. Kaa chini au lala sakafuni juu ya mkeka, kwa upande, ili matapishi yasikupalie. Usifumbe macho kwa nguvu kama wengi wanavyofanya, kwa kuwa giza humwondolea mtu kitu cha mwisho kinachomwambia ukweli. Chagua kitu kimoja kisichotembea, msumari ukutani au kona ya mlango, na ukikazie macho. Kichwa kisigeuzwe. Beseni liwekwe karibu, redio izimwe, pazia lishushwe, na watu wasijazane chumbani wakiuliza maswali kutoka pande zote, maana kumjibu kila mmoja ni kugeuza kichwa. Kutapika kukitulia, mgonjwa apewe maji kidogo kidogo kwa kijiko. Asilazimishwe kula.

Anayemhudumia ana kazi moja zaidi ambayo watu hawaijui. Achukue simu, aiweke kwenye video, aisogeze karibu na uso wa mgonjwa, na arekodi macho yake kwa nusu dakika.

"Bibi, fumbua macho kidogo, uniangalie."

"Mjukuu wangu, niache, wewe mwenyewe unazunguka."

Macho wakati wa shambulio hurukaruka, yakivutwa polepole upande mmoja na kurudi kwa haraka upande wa pili, na mwendo huo humweleza mtaalamu mambo ambayo siku ya kliniki, mgonjwa akiwa ametulia, hayaonekani tena.

Ziko dalili ambazo zikionekana hakuna kungoja kutulia. Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukilegea upande mmoja, maneno yakigongana, kitu kimoja kikionekana viwili, maumivu makali ya kichwa au ya shingo yakija ghafla, au mtu akashindwa kabisa hata kukaa wima bila kuangukia upande mmoja, hicho kinaweza kuwa kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe ni usiku wa manane. Mwenye presha au kisukari asijifariji kwamba "ni kile kizunguzungu changu". Homa pamoja na usaha wa sikio na kizunguzungu navyo havingojwi.

Safari ya kutafuta jibu huanzia zahanati na kupanda kwa barua ya rufaa: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa, Ligula kwa watu wa Mtwara au Sokoine kwa watu wa Lindi, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara, au Muhimbili ya Dar es Salaam. Katika kila ngazi uliza swali moja lililo wazi: kama kuna daktari wa masikio, pua na koo, na kama kuna kipimo cha usikivu cha vipokea sauti, maana kuangaliwa sikio kwa tochi si kipimo hicho. Katika kipimo chenyewe mgonjwa huwekwa mahali pa kimya, huvalishwa vipokea sauti, na hubonyeza kitufe au huinua mkono kila anaposikia mlio. Matokeo huchorwa kwenye karatasi, na katika Ménière ya mwanzo mstari wa sikio bovu huwa umeshuka upande wa sauti nzito, zile zilizo chini ya hezi 2000, yaani mitetemo 2000 kwa sekunde. Kwa kuwa mwanzoni usikivu huweza kurudi ukawa karibu na kawaida katikati ya mashambulio, ni vyema kupima siku ambazo sikio bado limeziba. Omba nakala ya karatasi hiyo na uitunze pamoja na daftari. Usishangae ukipimwa kaswende: inaweza kuiga Ménière, na yenyewe ina dawa ya kuiponya. Picha ya sumaku ya kichwa (MRI) nayo huombwa, ingawa si kwa kila mtu, ili kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva ya sikio.

Kuhusu chumvi, tuseme ukweli wa mahali tulipo. Kumwambia mtu wa Lindi au Mtwara apunguze chumvi ni kumwambia aondoe mezani papa mkavu, ng'onda, dagaa, korosho za kukaanga zilizonyunyiziwa chumvi, na kile kijiko kinachotumbukizwa katika sufuria ya ming'oko, vile viazi-pori vya huku kwetu. Ushahidi wa kitaalamu kwamba chakula cha chumvi kidogo huzuia mashambulio si mzito, lakini wagonjwa wengi huona tofauti, na kwa mwenye presha faida yake haina ubishi, kwa hiyo mimi nashauri ijaribiwe kwa miezi mitatu huku daftari likiandikwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku, pamoja na ile iliyokwisha kujificha katika mkate, chipsi na vidonge vya mchuzi. Samaki wa chumvi aroweke usiku kucha, maji yamwagwe, achemshwe mara moja na maji hayo pia yamwagwe, ndipo apikwe kwa nazi, ndimu na pilipili, bila kuongezwa chumvi nyingine. Hata hivyo awe wa mara mojamoja, na siku nyingine aliwe samaki mbichi, ambaye huku kwetu hakosekani. Korosho zichomwe bila chumvi. Ming'oko, kwa maoni yangu, inakuwa tamu zaidi ikiliwa na ndimu, ingawa najua wapo watakaonitoa ukooni kwa kusema hivyo.

La muhimu kuliko kiasi ni kutoyumba. Mtu anayekula chakula cha bila chumvi siku sita, kisha siku ya saba akaenda harusini akala pilau na kachumbari ya chumvi mpaka usiku, huusukuma mwili wake huku na huko. Vivyo hivyo maji: yanywewe kutwa, yasikatwe kwa dhana kwamba maji yaliyozidi sikioni yanatoka kwenye glasi. Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa ambaye mashambulio yake yamekaribiana ashauriane na daktari wake na mwanachuoni wake mapema, kwa sababu kutapika kwa muda wa saa tatu huku mtu amefunga kunaweza kumkausha. Kahawa kali, sigara, ugoro na pombe wengi huviona vinawachochea. Msimu wa mabibo, uraka, pombe ya mabibo hayo, unapofurika, anayesema kwamba anakunywa "kidogo tu cha kuburudisha" afungue daftari lake atazame kurasa za msimu uliopita.

Dawa ni za namna mbili na watu huzichanganya. Za kutuliza shambulio, kama proklopazini, promethazini na sinarizini, humezwa siku ya shambulio na kwa siku chache tu, kwa maana zikiendelea kumezwa kila siku huuchelewesha ubongo kujifunza upya kusimama, humlaza mtu usingizi, na kwa mzee sinarizini ya muda mrefu inaweza kumletea kutetemeka na mwendo mzito. Za kuzuia mashambulio yasirudi ni habari nyingine: betahistini ndiyo inayoandikwa zaidi, na vidonge vya kuongeza mkojo hutolewa pia. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ujerumani uliofuatilia wagonjwa 221 kwa miezi tisa. Mashambulio yalipungua kwa waliomeza betahistini kidogo, kwa waliomeza nyingi, na kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa, bila tofauti ya maana. Wako madaktari wanaoendelea kuiandika kwa sababu madhara yake ni machache, na mgonjwa anayejiona nafuu hana haja ya kuitupa, lakini asiuze mbuzi kuinunua. Mashambulio yakikataa kabisa, mtaalamu anaweza kudunga steroidi kupitia ngoma ya sikio, au gentamisini kwa njia hiyohiyo, dawa ileile inayoogopwa katika sindano za kawaida, ambayo hapa hutumiwa kwa makusudi kuua mizani ya sikio bovu ili lisiendelee kuusumbua ubongo. Usikivu uliobaki unaweza kuondoka nayo. Upasuaji upo, wa wachache.

Kazi ndiyo sura ngumu. Aliyepata shambulio katika majuma ya karibuni asipande mnazi wala ngazi, asiendeshe bodaboda, asiende baharini peke yake katika ngalawa, na asipige mbizi hata mahali anapopafahamu tangu utotoni, kwa sababu chini ya maji, mizani ikipotea, mtu hajui juu ni wapi na anaweza kuogelea kuelekea chini. Kuna wagonjwa wachache ambao huangushwa chini ghafla kama waliosukumwa, bila hodi yoyote na bila kupoteza fahamu. Hao wasiendeshe chombo kabisa mpaka daktari aseme. Mkulima wa korosho anayepulizia salfa kwa pampu ya injini mgongoni azibe masikio yote mawili kwa vizibo, maana sikio zima ndilo akiba yake. Usiku, njia ya kwenda chooni iwe na taa, kwani ambaye sikio lake halimwambii tena alipo hutegemea macho na nyayo, na gizani hubakiwa na nyayo peke yake. Fimbo si aibu.

Kadiri miaka inavyokwenda, kwa wengi mashambulio hupungua na uziwi hukaa. Hapo ndipo familia hukasirika, ikidhani mzee anachagua la kusikia: hamsikii mwanawe mwenye sauti nzito aliyesimama mlangoni, lakini anamsikia mtoto akilia uani. Hachagui, zile sauti nzito ndizo zilizotangulia kuondoka. Mkabili usoni, kaa upande wa sikio zima, sema polepole bila kupiga kelele, kwa kuwa sikio hilo bovu sauti ikipanda huiona inakwaruza. Kifaa cha kusaidia kusikia humfaa mwenye usikivu uliobaki, na kiwekwe na aliyempima.

Ukipewa rufaa ya Muhimbili, safari kutoka Mtwara inazidi kilometa 550, kwa hiyo iandaliwe. Chagua kiti cha mbele karibu na dirisha, utazame mbali barabarani na si kwenye simu. Beba chakula chako cha nyumbani, kwa sababu kitakachoingizwa dirishani basi linaposimama Nangurukuru ni korosho za chumvi na samaki wa kukaanga. Ikiwa utafanyiwa vipimo vya mizani, mwulize anayekupa rufaa ni siku ngapi kabla yake uache vidonge vya kizunguzungu, maana vikiwa bado mwilini hupotosha matokeo. Bahasha ya karatasi za usikivu na daftari vikae katika mkoba wa mkononi, si katika begi la buti, na ile video ya macho ihamishiwe kwenye simu ya atakayekusindikiza, kwa kuwa ya mjukuu itabaki Mikindani.